Vimeng'enya vya Kiiniyai

Mbu jike wa Aedes aegypti, yule aenezaye dengi na chikungunya, akishanyonya damu huanza kutengeneza protini iitwayo vitelojenini. Haitengenezwi ndani ya yai. Hutengenezwa katika tishu za mafuta mwilini mwake, kisha huelekea kwenye ovari, ambako mayai machanga huifyonza na kuiweka akiba. Baada ya siku tatu hivi mayai huwa tayari kutagwa, na akiba hiyo ndiyo itakayokilisha kiinitete hadi kiluwiluwi kitoke.

Protini hiyo haiwezi kutumika ikiwa nzima, sharti ikatwekatwe. Wakataji ni vimeng'enya, vingi vikiwa vya jamii ya katepsini. Ajabu ni kwamba kwa mbu huyu baadhi yake hutoka katika tishu zilezile za mafuta na huingia yaini pamoja na protini vitakayoikata. Mbona haviimalizi mapema? Kwa sababu huhifadhiwa vikiwa na kipande cha ziada kinachovizuia kufanya kazi. Kiinitete kikianza kukua, kipande hicho huondolewa. Kwa mende Blattella germanica imeonekana kwamba vifuko vya akiba huongezeka asidi, na asidi hiyo ndiyo inayokiamsha kimeng'enya.

Kwa upande wa istilahi, "kimeng'enya" halina kasoro. Neno "enzaimu", lililobuniwa na Wilhelm Kühne katika miaka ya 1870, asili yake ni Kigiriki na lahusu chachu. Letu latokana na kumeng'enya, nalo lataja kazi yenyewe.

Shida iko kwenye "kiini". Ndani ya yai moja la mbu mna kiini cha seli kinachobeba jeni, mna kiinitete, na mna kiini cha yai, yaani akiba ya chakula. Mwanafunzi akisoma "vimeng'enya vya kiini" atadhani vinakata jeni. Ndiyo maana naona tuandike "kiiniyai", neno moja. Na kwa kuwa kiiniyai kina mafuta pia, yenye vimeng'enya vyake, protini nayo itajwe: vimeng'enyaprotini vya kiiniyai. Ni refu, lakini halimpotoshi mtu. Waandishi wa vitabu vya baiolojia walichukue, na wakishalichagua wasilibadilishe katika sura inayofuata.