Safari ya Angani toka London hata Cape Town

Ukichukua uzi ukaunyosha juu ya tufe la dunia toka London hata Cape Town, utapata kama maili 6,000, ndizo kilomita 9,600 na zaidi. Siku hizi eropleni huumaliza mwendo huo kwa saa 12 hivi, pasipo kutua. Wanafunzi wetu huuliza ile ya kwanza ilichukua muda gani. Tukijibu, "Siku 45," hucheka, wakidhani ilikwenda kama kobe. Sivyo.

Tarehe 4 Februari 1920, Pierre van Ryneveld na Quintin Brand, watu wa Afrika Kusini, waliruka toka Brooklands karibu na London katika eropleni iitwayo Silver Queen. Huko Korosko, kati ya Cairo na Khartoum, ikavunjika. Wakapewa ya pili, nayo ikapita Mongalla, Kisumu na Abercorn hata Bulawayo, ikaanguka huko tarehe 6 Machi. Ya tatu, iliyo ndogo, ikawafikisha Cape Town tarehe 20 Machi. Lakini saa walizokuwa angani hasa ni 109 na nusu, hazikutimia siku tano. Siku 40 zilizosalia ziliishia chini. Nao walikuwa na bahati, kwani eropleni nyingine iliyowatangulia kuondoka ilianguka Tabora tarehe 27 Februari, na safari yake ikakoma papo hapo, ijapokuwa waliomo walisalimika.

Tena iko hesabu ambayo haimo katika zile siku 45. Eropleni za wakati ule hazikuweza kwenda mbali bila kutua, kwa hiyo mwaka 1919 ilipasa kufyeka viwanja njia nzima, katika nchi zilizotawaliwa na Waingereza. Huko Ndola, katika nchi ambayo leo ni Zambia, taabu ilikuwa vichuguu. Aliyepata kuvunja kichuguu kimoja tu shambani mwake aijua kazi hiyo. Watu 700 walishinda kazini toka Aprili hata Agosti, wakaondoa tani 25,000 za udongo. Marubani wale wawili walitunzwa na serikali ya Afrika Kusini pauni 5,000 kila mmoja, nao walistahili, na majina yao yamo vitabuni. Majina ya wale 700 sisi hatujayaona po pote.

Mwaka 1932 kampuni ya Imperial Airways ilianza kuchukua abiria katika njia hiyo, ikitua Kisumu, Nairobi, Moshi, Dodoma na Mbeya. Safari ilikuwa ya siku 11 hivi, maana usiku watu walilala mjini, na sehemu nyingine walipanda gari la moshi! Meli toka Southampton ilichukua siku 17 hivi. Basi faida ilikuwa siku sita tu.

Leo eropleni ya Cape Town huufuata ule uzi, nao haupiti kwetu. Hupita juu ya jangwa la Sahara, mbali upande wa magharibi, wala haina haja tena ya Dodoma wala ya kiwanja cha Ndola.