Wasifu mfupi: Walioipa Morogoro jina

MJI wa Morogoro uko chini ya milima ya Uluguru, mahali ambapo njia kuu kutoka pwani hugawanyika, moja ikielekea Dodoma na nyingine Iringa. Watu wake mashuhuri wengi waliletwa na njia hiyo, na baadhi yao waliuawa na barabara.

Katika karne ya 19, Kisabengo, kiongozi mwenye asili ya Uzigua, alijenga hapo mji wenye ngome. Henry Morton Stanley, aliyepita mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, alikuta mtawala ni binti wa Kisabengo, Simbamwene. Wajumbe wa mama huyo walimfuata Stanley kudai hongo. Mgeni akakataa, akisema msafara wake uliotangulia ulikwishalipa.

Salum Abdallah (1928-1965) alikuwa na kiu ya muziki wa Kuba. Inasimuliwa kwamba akiwa kijana alitoroka nyumbani ili asafiri hadi kisiwa hicho, lakini safari ikaishia Mombasa. Kuba ilibidi imfuate Morogoro: mwaka 1948 aliunda bendi iliyokuja kutamba kwa jina la Cuban Marimba. Alifariki katika ajali ya gari.

Mpinzani wa Cuban Marimba mjini humo alikuwa Morogoro Jazz, na humo ndimo alimong'ara Mbaraka Mwinshehe Mwaruka, aliyezaliwa Juni 1944. Mpiga gitaa, mtunzi na mwimbaji kwa pamoja, alikuwamo katika kundi lililoiwakilisha Tanzania kwenye maonyesho ya Osaka, Japani, mwaka 1970. Mwaka 1973 alijitenga na kuunda Super Volcano. Naye pia aliuawa na ajali ya gari, Mombasa, Januari 1979, akiwa na umri wa miaka 34 tu. Wimbo wake "Shida" bado haujazeeka.

Edward Moringe Sokoine hakuwa mwenyeji wa mkoa huu. Alizaliwa Monduli mwaka 1938. Akiwa Waziri Mkuu, aliongoza mwaka 1983 msako dhidi ya wahujumu uchumi. Aprili 12, 1984, akitoka Dodoma kwenda Dar es Salaam, alifariki Dakawa baada ya gari lake kugongana na gari lililoendeshwa na mkimbizi wa Afrika Kusini. Mwaka huohuo kitivo cha kilimo kilichokuwa Morogoro kilifanywa chuo kikuu, kikapewa jina lake.

Raia wa nchi hiyo walikuwa wengi mkoani wakati huo. Chama cha ANC kilikuwa na shule yake Mazimbu, iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, mpigania uhuru aliyenyongwa Pretoria Aprili 6, 1979, akiwa na miaka 22. ANC iliikabidhi kwa Serikali ya Tanzania mwaka 1992, na sasa ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine.