Hewa nyepesi ya Eldoret na hesabu za mpira wa voliboli

TIMU ya voliboli iliyofanyia mazoezi yake yote Mombasa, kisha ikapanda hadi Eldoret kwa mashindano, huenda ikashangaa kuona mipira inayoanzishwa ikivuka mstari wa nyuma. Wachezaji hawajaongezeka nguvu usiku mmoja. Kilichobadilika ni hewa.

Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Pwani kwa karibu moja kwa tano. Mpira wa voliboli una gramu 260 hadi 280 tu, ilhali ni mpana, mzingo wake ukiwa sentimita 65 hadi 67. Ndiyo maana hewa huusumbua sana. Ukienda kwa kasi ya mita 15 kwa sekunde kule Mombasa, nguvu ya hewa inayoupinga yaweza kukaribia nusu ya uzito wake. Eldoret nguvu hiyo hupungua kwa moja kwa tano, na katika safari ya sekunde moja hivi, tofauti hiyo yatosha kuupeleka mpira nusu mita zaidi.

Wengi hukimbilia kuupa mpira mzunguko wa mbele ili uiname upesi. Lakini mpira unaozunguka huinamishwa na hewa hiyo hiyo, kwa hivyo nao huinama kidogo kuliko Pwani. Afadhali kupunguza kasi, mradi mpira uvuke wavu: mita 2.43 kwa wanaume, 2.24 kwa wanawake.

Linalosahaulika zaidi ni pampu. Kanuni zataka kanieneo ya ndani ya mpira iizidi ile ya nje kwa kilo 0.30 hadi 0.325 kwa kila sentimita mraba. Kutoka Mombasa hadi Eldoret, kanieneo ya nje hupungua kwa takriban 0.23. Basi mpira uliojazwa sawasawa Mombasa utapimwa Eldoret na kupatikana na zaidi ya 0.5, mgumu wa kuumiza mikono ya mpokeaji. Ule uliojazwa Eldoret nao hufika Pwani ukiwa umelegea, umebakiwa na chini ya 0.1. Kocha msafiri na aipime mipira afikapo, si kabla ya kuondoka.

Kuruka, kwa bahati njema, hakubadiliki. Anayepaa sentimita 60 hukaa angani sekunde 0.7 huko na huku, na nusu ya muda huo huupitisha katika sentimita 15 za juu kabisa. Mzuiaji aliyekosea kwa sekunde 0.2 huwa ameshatoka humo.