Kwa Nini Babu Zetu Hawakukaa Kwenye Madawati: Watoto wa Kiislamu na Shule za Rwanda



Ndugu wazazi, na nyinyi wanafunzi wetu, hapa Gisenyi huwa tunaulizwa darasani: mbona babu zetu wengi walikuwa madereva, mafundi cherehani na wachuuzi, na walio madaktari au makarani wa serikali wakawa wachache mno? Wapo wanaojibu haraka kwamba Waislamu hawakupenda kusoma. Jibu hilo ni rahisi kupita kiasi, na vijana wetu wana haki ya kujua yaliyotokea.

Uislamu uliingia Rwanda pamoja na wafanyabiashara wa pwani, na askari na makarani waliofuatana na Wajerumani. Msikiti wa Nyamirambo, Kigali, ni wa mwaka 1913. Watu hao hawakuwa wajinga wa maandishi. Watoto wao walikwenda chuoni wakajifunza herufi za Kiarabu, na Kiswahili kilikuwa lugha ya boma. Mwaka 1916 Wabelgiji waliwatoa Wajerumani, na mambo yakageuka.

Mapadri Weupe walikuwa wamekwisha tangulia: Save mwaka 1900, na Nyundo, jirani zetu hapa, mwaka 1901. Wabelgiji waliona ni nafuu kuwaachia wamisionari kazi ya kusomesha, serikali ikatoa ruzuku. Mwislamu alilipa kodi ya kichwa kama wenzake, lakini shule iliyosaidiwa na serikali ilifundisha katekisimu, na njia ya mtoto kufika mbali ilipita kwenye ubatizo. Hata wakubwa yaliwafika. Mwami Musinga, aliyekataa kubatizwa, aliondolewa mwaka 1931. Mwanawe Rudahigwa akabatizwa mwaka 1943. Shule kubwa ya Astrida (Butare ya baadaye), iliyoanzishwa mwaka 1929 kuwaandaa maofisa wa Kiafrika wa utawala, nayo iliwekwa mikononi mwa mabruda wa Kikatoliki. Basi mtoto wa fundi cherehani wa Kiislamu angepata wapi nafasi?

Wazee wetu waliwekwa katika mitaa ya Waswahili, mbali kidogo na wenyeji, wakihesabiwa kuwa wageni hata waliozaliwa papa hapa. Neno lenyewe "umuswahili" likaanza kumaanisha mjanja na mwongo, na mpaka leo wapo wanaolitumia hivyo. Baadhi ya wazazi waliwapa watoto majina ya Kikristo ili wapokelewe shuleni. Wengine waliona heri mtoto abaki na dini yake akajifunze udereva. Sisi hatuwezi kuwalaumu hao wala wale. Mzazi aliyeambiwa achague kati ya kalamu na kalima alikuwa amewekwa mahali ambapo mzazi hapaswi kuwekwa.

Tena haikuwa lazima iwe hivyo. Tazameni Tanga. Huko Wajerumani hao hao, katika miaka ya 1890, walifungua shule ya serikali isiyo ya misheni, ikifundisha kwa Kiswahili, na watoto wa Kiislamu wakaingia. Waliomaliza wakawa walimu, makarani na maakida. Watu wa pwani hawakuwa na akili kuliko wa Gisenyi. Walikuta mlango usiodai ubatizo, wakaupita. Na katika sira tunasoma kuwa baada ya Badr, mwaka wa 2 Hijria, mateka wa Makka waliojua kuandika walijikomboa kwa kuwafundisha watoto wa Madina. Walimu hao walikuwa washirikina! Elimu ya asiyekuwa Mwislamu haikukataliwa. Hakuna mtoto aliyeambiwa abadili dini kwanza.

Uhuru ulikuja mwaka 1962, na jumuiya ya Waislamu, AMUR, ikaundwa mwaka 1964. Baadaye Kituo cha Utamaduni wa Kiislamu cha Nyamirambo, kilichojengwa kwa msaada wa nchi za Kiarabu, kilitupatia shule ya sekondari. Lakini ubaguzi ulikuwa na sura nyingine pia. Chini ya utawala wa Habyarimana (1973 hadi 1994) nafasi za sekondari ziligawiwa kwa kabila na mkoa, na mtoto wa Kitutsi aliyefaulu aliweza kuachwa nje kwa sababu ya kitambulisho cha baba yake. Mfumo huo uliondolewa baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994.

Mwaka 2003 ada ya shule za msingi ilifutwa. Mwaka 2009 ikaja elimu ya miaka tisa, kisha miaka kumi na miwili. Wenzetu wa Kongo walitangaziwa msingi bila ada mwaka 2019, lakini Goma ilipotekwa na M23 Januari 2025 shule zilifungwa, na kufuta ada hakukumsaidia mtoto aliyekimbia risasi. UNESCO ilitangaza mwaka 2023 kuwa watoto na vijana milioni 250 duniani hawamo shuleni.

Hapa kwetu hakuna tena padri anayesimama mlangoni. Mchango wa chakula uliowekwa mwaka 2022 kwa shule za msingi ulikuwa faranga 975 kwa muhula. Hata hivyo, nenda mpakani asubuhi ya siku ya masomo utawaona watoto wakibeba mizigo, na baadhi yao jioni huwa mbele yetu madrasani, wakisinzia juu ya msahafu.