Safari za Mimea Vyomboni: Faida Zake na Hasara Zake

Kila mmoja wetu amepata kuona mmea uliooteshwa chomboni. Mama mmoja ana mrehani katika chungu kilichopasuka mdomo. Jirani yake ana mche wa mchungwa katika debe kuukuu lililotobolewa chini. Nao wanafunzi wa shule wana miche ya kahawa katika vikapu vidogo, wakingoja mvua. Wengi hudhani kwamba jambo hili ni dogo, la kupendeza macho tu. Lakini historia yatufundisha kwamba chungu, kikapu na sanduku la udongo vimegeuza mashamba ya dunia nzima. Katika mazungumzo haya twataka kueleza jinsi mambo hayo yalivyotukia, ili tupate kupima vema faida za kuotesha mimea vyomboni, na hasara zake pia.

Faida ya kwanza ni hii: mti hauna miguu, na chombo huupa miguu. Watu wa kale walilitambua jambo hilo. Yapata miaka 1470 kabla ya Kristo, Hatshepsut, malkia aliyetawala Misri kama mfalme, alipeleka merikebu mpaka nchi iliyoitwa Punt, upande wa kusini wa Bahari ya Shamu, kutafuta ubani na manemane. Wajumbe wake hawakuridhika kuleta utomvu peke yake, bali waliileta na miti yenyewe. Habari hiyo imechorwa katika kuta za hekalu lake huko Deir el-Bahari, na michoro hiyo yaonekana hata leo: wanaume wamechukua mabegani mwao miti iliyo hai, mizizi yake imo ndani ya vikapu vilivyoning'inizwa katika miti ya kuchukulia. Hivyo twajua ya kuwa zaidi ya miaka 3,000 iliyopita watu walikwisha fahamu kwamba mti ukiondolewa pamoja na udongo wake kidogo waweza kusafiri.

Lakini hapo ndipo hasara ya kwanza inapoonekana. Mti uliopandwa shambani hupeleka mizizi yake chini na pande zote kutafuta maji, na jua likizidi hujitafutia wenyewe. Mti wa chomboni hauwezi. Udongo wake ni haba, hukauka upesi, na maji yake yote hutoka katika mkono wa mtu. Mkono ukisahau, mmea hufa. Tena mkono ukizidisha maji, na chombo kikiwa hakina tundu chini, mizizi huoza.

Mfano ulio wazi sana ni habari ya mshelisheli. Mwishoni mwa karne ya 18 wenye mashamba ya miwa katika visiwa vya West Indies walitaka mti huo uletwe kutoka Tahiti, ili matunda yake yawe chakula rahisi kwa watumwa wao. Serikali ya Uingereza ikampeleka nahodha William Bligh kwa merikebu iitwayo Bounty, iliyoondoka Uingereza mwezi wa Desemba 1787. Chumba kikubwa cha merikebu kilifanywa kuwa bustani. Sakafu yake ilifunikwa kwa risasi, na mabomba yakawekwa pembeni, kusudi maji yanayochuruzika katika vyungu yakusanywe na kutumiwa tena. Huko Tahiti walikaa miezi mitano, wakapakia miche 1,015 ya mshelisheli katika vyungu 774, mapipa 39 na masanduku 24. Merikebu ikatweka. Hata tarehe 28 Aprili 1789 mabaharia wengine wakamwasi nahodha wao, wakamtia katika mashua pamoja na watu waliomfuata, na miche yote wakaitupa baharini.

Bligh alipelekwa mara ya pili mwaka 1791 kwa merikebu iitwayo Providence, na safari hii alifaulu. Mwaka 1793 miche ilifika St Vincent na Jamaica. Lakini tazameni gharama yake. Katika merikebu hiyo alikuwamo kijana mmoja, Matthew Flinders, ambaye baadaye alijulikana sana kwa kuchora ramani ya pwani ya Australia. Yeye alisimulia kwamba maji yalipokuwa machache yalipewa miche kwanza, na kwamba yeye na wenzake walilala juu ya ngazi ili kuramba matone yaliyoanguka katika ndoo za mtunza bustani. Mmea wa chomboni ni kinywa kingine cha kunyweshwa, na wakati wa ukame kinywa hicho hushindana na vinywa vya watu.

Tena, pamoja na kutunzwa hivyo, mimea mingi haikufika. Kama haikuuawa na kiu, iliuawa na mawimbi ya chumvi, au baridi, au giza la chini ya sitaha. Mwaka 1819 tabibu mmoja Mwingereza aliyekaa Macao, John Livingstone, aliandika kwamba kwa kila mmea mmoja wa Uchina uliofika Uingereza ukiwa hai, elfu nzima walikuwa wamepotea njiani.

Aliyefungua njia hakuwa baharia wala mkulima, bali tabibu wa mtaa wenye moshi mwingi katika London, jina lake Nathaniel Ward. Yeye alipenda sana makangaga, lakini moshi wa makaa uliyaua yote bustanini mwake. Mwaka 1829 alikuwa akichunguza mdudu. Alichukua kiwavi aliyejifunga ndani ya ganda lake, akamtia katika chupa yenye udongo wenye unyevu, akafunika kwa kifuniko. Siku zikapita, naye akaona jambo ambalo hakulitafuta: kangaga dogo na jani la nyasi yamechipuka katika udongo ule. Yakaishi humo karibu miaka minne, wala hakuyatia maji hata tone moja.

Siri yake kila mpishi aweza kuieleza. Chungu kikiwa motoni, mvuke hupanda, hugonga kifuniko, hugeuka matone, na matone hurudi chini. Vivyo hivyo ndani ya chupa: jua la mchana liliinua unyevu wa udongo na wa majani, kioo kikaugeuza kuwa maji, na maji yakarudi kwenye mizizi. Maji hayo hayo yalizunguka kila siku, wala moshi wa nje haukuingia.

Ward akatengeneza masanduku ya mbao yenye mapaa ya vioo, akayaziba vema. Mwaka 1833 alipeleka mawili mpaka Sydney, safari ya miezi mingi, nayo mimea ikafika hai. Kisha masanduku yakajazwa mimea ya Australia, yakarudishwa London, yakipita penye baridi kali ya rasi ya Amerika Kusini na penye joto kali la ikweta. Nayo ikafika ikiwa na afya. Tangu hapo masanduku ya Ward yakaonekana juu ya sitaha za merikebu katika kila bahari.

Matokeo yake yalikuwa makubwa. Kati ya mwaka 1848 na 1851 Robert Fortune alitoa miche na mbegu za chai Uchina, akazipeleka katika masanduku hayo mpaka milima ya Bara Hindi. Mwaka 1861 miche ya mkwinini, ambao maganda yake hutoa dawa ya malaria, ilifika Bara Hindi kutoka Amerika Kusini kwa njia hiyo hiyo. Na mwaka 1876 mbegu za mpira zilizotolewa Brazil na Henry Wickham ziliota katika bustani ya Kew, na miche 1,919 ikapelekwa Ceylon, ambayo leo huitwa Sri Lanka, katika masanduku 38. Hata kwetu Afrika ya Mashariki mkwinini ulifika. Huko Amani, katika milima ya Usambara, Wajerumani walikuwa wameanzisha chuo cha kuchunguza mimea mwaka 1902. Na wakati wa Vita Kuu ya 1914 mpaka 1918, dawa ilipokuwa haiwezi kuletwa kwa merikebu, walitengeneza kwinini kwa maganda ya miti iliyopandwa huko.

Hizo ndizo faida. Lakini mwalimu asemaye faida tu hafundishi; yapasa tutaje na upande wa pili.

Kwanza, chombo hakiulizi kimechukua mali ya nani. Chai ya Bara Hindi ilipunguza sana biashara ya Uchina, nayo mpira wa Asia uliinuka hata biashara ya Brazil ikaanguka. Kisha vibarua waliotoka mbali kulima mashamba yale mapya hawakuwa ndio waliopata utajiri wake. Sanduku lililookoa wagonjwa kwa kwinini ndilo lililoondoa riziki za watu wengine.

Pili, udongo wa chomboni haukusafiri peke yake. Ndani yake walikuwamo wadudu, minyoo na magonjwa ya mimea, ambayo yalishuka bandarini pamoja na mche. Ndiyo sababu mataifa yalilazimika kutunga sheria za kukagua mimea, na mwaka 1951 yakafanya mapatano huko Roma kuhusu ulinzi wa mimea.

Tatu, safari ngumu huchuja. Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf aliagiza vitoto 1,000 vya mkonge kutoka Florida kupitia Hamburg. Vilivyofika Tanga vikiwa hai vilikuwa 62 tu. Kutokana na hivyo 62 yakaenea mashamba ya mkonge ya Tanganyika. Twaweza kustaajabia uzao huo; lakini pia tukumbuke kwamba ukoo wenye wazazi wachache huweza kupatwa wote na ugonjwa mmoja.

Sisi wenyewe tulipata kujifunza somo hili kwa aibu. Katika chuo kimoja cha walimu tulipokuwa tukifundisha, tuliotesha miche ya michungwa katika madebe, ikapendeza sana, hata wageni wakaisifu. Kwa kuwa ilipendeza, tulichelewa kuipanda shambani. Likizo ikafika, kila mtu akaenda kwao, na kila mmoja akidhani mwenziwe amebaki kumwagilia. Tuliporudi tulikuta vijiti vikavu. Tukapindua debe moja, tukaona mizizi imejizungusha ndani kama kamba iliyofungwa gudulia, haina tena mahali pa kwenda. Ndipo tulipofahamu kwamba kiu ilimaliza tu kazi ambayo kuchelewa kwetu kulikwisha ianza.

Basi, wanafunzi na wakulima, mkitaka kuotesha mimea vyomboni, fanyeni hivyo bila hofu. Ni njia njema ya kulinda mche mchanga na kuku na jua kali, ya kuuchagulia udongo mzuri, na ya kuuhamisha bila kukata mizizi yake. Na asiye na shamba aweza kupata mboga penye kizingiti cha mlango wake. Lakini toboeni chombo chini. Nyunyizeni maji kwa kiasi. Jueni mapema ni nani atakayemwagilia mkiwa safarini. Wala msilete mche wa mbali pasipo kuuliza una ugonjwa gani. Na mche wa mti ukishapata nguvu, na mvua ikiisha kunyesha, utoeni.

Wahenga wetu walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mche wa debeni nao ni mgeni. Mtunzeni kwa heshima siku zake za ugeni, kisha mpeni shamba afanye kazi.