Mota ya Boti ya Rimoti: Chagua na Uunge Hivi, Usichome Doh Yako

Buda, kabla utoe doh ya mota isiyo na brashi, cheki namba ya KV. Hiyo ni mizunguko kwa dakika kwa kila volti 1, mota ikiwa haina mzigo. Mota ya 2000KV na betri ya lipo ya seli 3, yaani volti 11.1, inagonga kama mizunguko 22,200. Ukiongeza seli, shuka KV. Maji ni mazito. Mota ya mbio na propela kubwa zikikutana, kitu inaungua.

ESC, ile ya kudhibiti mwendo, iwe na ampea kushinda zile mota inavuta. Waya 3 za mota hazina stress: propela ikizunguka kinyume, badilisha mbili zozote. Noma iko upande wa betri. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Ukikosea hapo, ESC inatoa moshi na doh imeenda. Hizo za betri ziache fupi. Ikibidi urefushe, refusha za mota.

Siku ya kwanza, kimbiza boti dakika 1 tu, itoe, guza mota. Ikikuchoma, weka propela ndogo.