Tarehe ya Python na Daftari Lake la Hitilafu

Mwaka 2000, ukiiuliza lugha ya kompyuta ya Python moja gawa kwa mbili ni ngapi, ilikujibu sifuri. Haikuwa imeharibika. Ilifuata desturi ya lugha ya C: namba kamili ikigawanywa kwa namba kamili, jibu nalo liwe kamili, na kinachobaki kitupwe. Ukiandika 1.0 badala ya 1, jibu lilikuwa 0.5. Kwa hiyo mwalimu aliyejiandikia programu ya kutafuta wastani wa alama aliweza kupata majibu sahihi Jumatatu, kisha Jumanne akaingiza alama zisizo na nukta na wastani ukashuka bila onyo lolote. Nusu zilipotea, na hakuna aliyeziona zikipotea.

Naanzia hapo, wala si kwa mwasisi wa lugha. Tarehe za kale za pwani yetu zinatuhesabia masultani: nani alitawala, kwa miaka mingapi, akarithiwa na nani. Yaliyosemwa barazani kabla ya uamuzi ni nadra kuyasikia. Tarehe ya Python nayo ina mtawala na ina kurithiana, lakini mali yake kubwa ni yale maneno ya barazani yenyewe. Kila hitilafu imepewa namba. Kila pendekezo kubwa limeandikwa, likiwemo lililokataliwa, na sababu ya kukataliwa ikaandikwa chini yake.

Mtawala alikuwa Guido van Rossum, Mholanzi aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti wa hisabati na kompyuta cha CWI, Amsterdam. Kabla ya Python alikuwa katika kikosi kilichotengeneza lugha ya ABC pamoja na Lambert Meertens. ABC ilikuwa lugha nzuri kwa anayeanza, lakini ilijifungia: mtu wa nje hakuwa na njia rahisi ya kuongeza alichokikosa. Mwishoni mwa Desemba 1989, wakati wa mapumziko ya Krismasi, Guido akaanza kuandika lugha yake mwenyewe. Jina hakulichukua kwa nyoka, alilichukua kwa wachekeshaji wa Uingereza, Monty Python. Februari 1991 akatoa toleo la 0.9.0 kupitia mtandao wa majadiliano wa Usenet, msimbo wote ukiwa wazi. Kuanzia siku hiyo yeyote aliyeona kasoro aliweza kuufungua, kuutengeneza na kumtumia kiraka, yaani marekebisho yake.

Ile hesabu ya sifuri ina historia ndani ya historia hii. ABC haikuwa na kosa hilo, kwa maana ilihesabu kwa sehemu, na moja gawa kwa mbili ilibaki nusu halisi. Ila sehemu zile zilikua ndani ya programu hadi zikawa namba ndefu mno, na kazi ikawa nzito. Guido aliyaona hayo kwa macho yake, akaogopa, akaikimbilia desturi ya C. Hakuwa mzembe, alikuwa akikwepa shimo alilokwisha kutumbukia.

Mwaka 1995 alihamia Virginia, Marekani, na mwaka 2001 lugha ikapata taasisi yake ya kuilinda, Python Software Foundation. Kati ya hayo, mwaka 2000, lilianzishwa jambo ambalo naliona zito kuliko toleo lolote: mapendekezo yaliyoandikwa kwa utaratibu mmoja na kupewa namba, yanayoitwa PEP. Anayetaka kuibadili lugha aandike anataka nini, kwa nini, nani ataumia, na njia zipi nyingine alizifikiria akaziacha. Watu wabishane juu ya maandishi hayo, na mwandishi aingize hoja za wapinzani wake humo humo.

Pendekezo namba 238, la Machi 2001, lilihusu kugawanya. Upande mmoja walisimama waliofundisha wanaoanza. Mradi wa Alice wa Randy Pausch, uliotumia Python kuwafundisha watu wasiojua programu kuchora dunia za pande tatu, ulikuwa umekwisha kuibadili Python yake ili nusu iwe nusu, maana wanafunzi walijikwaa pale pale kila mara. Upande wa pili walisimama wenye programu zinazofanya kazi, zilizoandikwa kwa kuitegemea hesabu ya zamani. Hawa nao walikuwa na haki. Mtu aliyeandika programu yake sawasawa kwa kufuata sheria ya jana, kwa nini aamke leo akute majibu yamegeuka?

Suluhisho lilikuwa la watu wenye subira. Toleo la 2.2, mwishoni mwa 2001, lilileta alama ya mikwaju miwili kwa anayetaka kutupa masalio, na mkwaju mmoja ukaachwa na tabia yake ya zamani. Aliyetaka tabia mpya aliiomba kwa mstari mmoja juu ya faili lake. Mageuzi yenyewe yalisubiri toleo la 3.0, lililotoka tarehe 3 Desemba 2008. Ilichukua zaidi ya miaka saba kuirudisha nusu mahali pake, na sioni kwamba muda huo ulipotea bure.

Toleo hilo la 3.0 lilikuwa na ugomvi mkubwa kuliko huo, na msomaji wa Kiswahili ana sababu ya kuuelewa. Python 2 ilikuwa na aina mbili za maandishi: moja iliyokuwa baiti tupu, na nyingine iliyojua herufi za dunia nzima. Ikizichanganya, ilidhani kila baiti ni herufi ya Kiingereza. Mwandishi wa Kiswahili aliweza kukaa miezi bila kuliona tatizo, kwa sababu herufi zetu hazina vitone wala mikia. Kisha siku moja mtu analeta hati iliyochapwa katika Word, na ndani yake mna neno ng’ombe. Alama ile ya juu, Word imeipinda. Ikihifadhiwa kwa mtindo wa UTF-8 inakuwa baiti tatu, ya kwanza ikiwa e2, na Python 2 ikiikuta inasimama na kulalamika kwamba baiti hiyo haiijui. Programu iliyosoma maelfu ya mistari inaangushwa na ng’ombe mmoja. Anayeshughulikia miswada ya Kiswahili cha herufi za Kiarabu hakuhitaji kungoja siku hiyo. Kwake kila mstari ulikuwa na shida.

Python 3 ilitenganisha: maandishi ni maandishi, baiti ni baiti, na kuvuka kutoka huku kwenda kule lazima useme unatumia mtindo gani. Ulikuwa uamuzi wa haki, na gharama yake ilikuwa kubwa mno. Programu za zamani hazikukubali kuendeshwa na mkalimani mpya, yaani programu inayousoma msimbo na kuutekeleza, bila kurekebishwa. Toleo la 2.7, la Julai 2010, lilikusudiwa kuhudumiwa hadi 2015; mwaka 2014 muda ukasogezwa hadi 2020. Kwa miaka zaidi ya kumi jamii moja iliishi katika nyumba mbili. Waliokuwa wakitunza maktaba za msimbo, wengi wao bila malipo, walijaribu kila kiraka mara mbili. Huduma ya Python 2 ilikoma tarehe 1 Januari 2020. Wazee wa lugha wamekiri hadharani kwamba mpito ule ungeweza kupangwa vizuri zaidi, na tangu hapo kila anayetaka kuvunja cha zamani huulizwa kwanza mpito utapangwaje.

Daftari lenyewe la hitilafu limehama mara kadhaa. Hitilafu ziliwahi kuandikwa SourceForge, kisha katika mfumo wa Roundup, na mwaka 2022 zikapelekwa GitHub pamoja na mazungumzo yake. Kuna moja iliyoandikwa mwaka 2015 kwa namba 23515, na kwangu hiyo ndiyo inayoeleza tabia ya ukoo huu kuliko zote.

Mwaka 2002 Tim Peters, mmoja wa wazee wa lugha, alibuni njia ya kupanga orodha ambayo baadaye iliitwa Timsort. Njia hiyo hutafuta mafungu ambayo tayari yamepangika, huyarundika moja juu ya jingine, kisha huyaunganisha. Ili rundo lisirefuke ovyo, iliwekwa sheria: kila fungu liwe kubwa kuliko jumla ya mawili yaliyo juu yake. Ilikuwa kazi safi kiasi kwamba lugha ya Java nayo iliichukua, na simu za Android pia. Miaka kumi na tatu ikapita. Watafiti wa Uholanzi na Ujerumani, akiwemo Stijn de Gouw, wakajaribu kuthibitisha kihisabati, kwa msaada wa programu iitwayo KeY, kwamba njia hiyo haikosei. Wakashindwa kuthibitisha, kwa sababu ilikuwa inakosea. Ukaguzi wa sheria ulitazama mafungu ya juu tu. Chini yake sheria iliweza kuvunjika bila kuonekana, na rundo likarefuka kupita nafasi lililotengewa.

Katika Java waliweza kuiangusha programu kwa orodha ya vitu milioni 67. Kwa Python nafasi iliyotengwa ilikuwa kubwa zaidi: ili uifikie hitilafu ungehitaji orodha ya vitu zaidi ya trilioni 562. Hakuna kompyuta ya wakati ule ambayo ingeibeba. Upande wa Java waliongeza ukubwa wa nafasi. Upande wa Python, ambako hakuna binadamu aliyewahi kukutana na kosa hilo wala aliyekaribia, waliurekebisha ukaguzi wenyewe kama watafiti walivyoonyesha. Tena mmoja wa watafiti hao, Frank de Boer, alikuwa mtu wa CWI ya Amsterdam, nyumba ile ile lugha ilikozaliwa.

Utawala ulikuwaje katika miaka hiyo yote? Guido aliitwa, kwa mapenzi, Dikteta Mwema wa Maisha. Watu walibishana, na mjadala ukigoma aliamua yeye. Hakuwa akijipendelea daima. Mwaka 2006 aliandika pendekezo namba 3103, la kuongeza tamko la kuchagua tawi kulingana na thamani, jambo ambalo lugha nyingi zinalo. Mwaka 2007, akihutubia mkutano wa jamii ya Python uitwao PyCon, aliwauliza waliohudhuria wangapi wanalitaka. Hawakulitaka. Akalikataa pendekezo lake mwenyewe na kuiandika sababu hiyo humo humo. Lile wazo lilirudi miaka kumi na tatu baadaye kwa sura nyingine, pana zaidi, likakubaliwa Februari 2021 na kuingia toleo la 3.10. Waliolileta, Guido akiwa mmoja wao, walikuwa na pendekezo la kale la kusoma na kukosoa.

Mwisho wa udikteta ulitokana na alama mbili tu: nukta mbili na sawasawa. Pendekezo namba 572 lilitaka mtu aweze kuipa thamani jina lake katikati ya sentensi ya hesabu badala ya kutenga mstari mzima. Mamia ya barua yaliandikwa. Waliopinga waliona usomekaji wa lugha, fahari yake kubwa, unachafuliwa. Guido alilikubali, na tarehe 12 Julai 2018 akaandika kwamba anajivua madaraka. Alikuwa amechoka kupigania jambo na kukuta watu wengi hivyo wanauchukia uamuzi wake. Hakumteua mrithi. Aliwaachia watengenezaji wa msingi waamue wenyewe wataongozwa vipi.

Hapo ndipo maandishi yalipookoa ukoo. Mifumo ya utawala iliandikwa kama mapendekezo mengine yoyote, kila mmoja na namba yake, kuanzia mtawala mmoja hadi jamii isiyo na kiongozi. Desemba 2018 wakapiga kura, likashinda pendekezo 8016: baraza la watu watano, linalochaguliwa upya kila linapotoka toleo kubwa. Baraza la kwanza, mwanzoni mwa 2019, lilikuwa na Barry Warsaw, Brett Cannon, Carol Willing, Nick Coghlan na Guido mwenyewe, safari hii akiwa na kura moja kama wenzake.

Baraza lilirithi pia jambo gumu kuliko yote, kufuli kuu ya mkalimani. Kila kitu ndani ya Python kina hesabu ya wanaokishika. Hesabu ikifika sifuri kitu kinafutwa. Nyuzi mbili za kazi zikiigusa hesabu moja kwa wakati mmoja, inaharibika. Kwa hiyo tangu zamani mkalimani ni kama kisima chenye kata moja: hata kompyuta iwe na vichakataji kumi na sita, ni uzi mmoja tu unaochota kwa wakati mmoja. Greg Stein aliiondoa kufuli hiyo katika miaka ya 1990, lakini programu za kawaida zikawa za polepole mno. Mwaka 2007 Guido aliweka sharti: kiraka kitakaribishwa iwapo programu ya uzi mmoja haitapoteza kasi. Larry Hastings alijaribu kuanzia 2016. Kisha Sam Gross akaleta pendekezo 703, lililokubaliwa Oktoba 2023, huku baraza likijiwekea haki ya kurudi nyuma ikiwa jamii itaumia kama ilivyoumia wakati wa Python 3.

Toleo la 3.14, la Oktoba 2025, lina Python isiyo na kufuli inayohudumiwa rasmi, lakini anayeitaka lazima aichague. Ya kawaida bado ina kata yake moja. Sharti la 2007 halijatimia lote, kwani programu ya uzi mmoja hupoteza takriban asilimia 5 hadi 10 ya kasi yake bila kufuli. Swali la lini mpya iwe ndiyo ya kawaida kwa wote bado lipo mezani, na andiko la Guido la 2007, lenye sharti lile, lingali linasomeka.